Maji ya kwenda na maji ya kurudi: mnapotaka kupanda Mlima Nyiru

Swali: "Sisi ni marafiki sita hapa Nakuru. Longonot tumepanda, Menengai tumeshuka hadi chini. Januari tunataka kwenda Samburu na mahema yetu, tupande Mlima Nyiru, kisha tushukie upande wa pili tutembee mpaka Ziwa Turkana. Tuna siku tano. Kila mtu abebe lita ngapi? Na je, chujio moja la maji litatutosha au tukodi punda?" — Msomaji, Section 58, Nakuru

Jibu: Hesabu uliyoiomba ni rahisi, tuimalize mapema. Mtu mzima anayetembea na mzigo kwenye joto la kaskazini anahitaji lita nne hadi tano za kunywa kwa siku, na kama lita moja na nusu ya kupikia na chai. Zidisha mara siku tano, unakaribia lita 30 kwa mtu mmoja. Lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo kabla hujatia hema, sufuria wala blanketi, tayari una kilo 30 mgongoni, na hapo hakuna anayepanda mlima, hata awe kijana wa mbio kutoka Iten.

Ndiyo maana watu wanaotembea nchi kavu hawaulizi lita za safari nzima. Wanauliza mambo mawili. Kutoka maji ya hakika hadi maji mengine ya hakika ni saa ngapi za mguu? Na nikifika huko nikute pamekauka, nitarudi na nini? Hilo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua. Njia ipangwe kwa maji, siku zifuate baadaye.

Tuanze na njia yenu, kwa sababu mmeunganisha safari mbili zisizofanana hata kidogo.

Nyiru ni mlima wenye maji katikati ya nchi isiyo na maji. Kilele chake, Mowongo Sowan, kiko mita 2,752. Juu kuna msitu wa mitarakwa na chemchemi, na ndiyo sababu Wasamburu hupandisha ng'ombe huko kiangazi kikizidi. South Horr, kijiji kilicho chini yake upande wa mashariki, ni kijani kwa sababu ya maji yanayoteremka kutoka mlimani. Upande wa magharibi kuna Tuum, na watu wengi hupandia huko wakashukia South Horr, au kinyume chake. Kwa watu sita wenye miguu mizuri, siku tatu mlimani ni safari nzuri na inayowezekana.

Kutoka South Horr kwenda Loiyangalani ni habari nyingine kabisa. Ni kama kilomita 90, sehemu kubwa ikiwa mawe meusi ya volkano yanayorudisha joto usoni, na upepo usiokatika. Upepo huo ndio uliofanya pakajengwa mitambo 365 ya kufua umeme katika eneo hilo. Mtu akiusikia anafurahi, anasema afadhali kuna hewa. Kumbe unakausha jasho kabla hujaliona: shati linabaki kavu, nawe unadhani hupotezi maji, huku unapoteza zaidi ya aliyeloa chepechepe kule Kisumu.

Halafu mwisho wa njia hiyo kuna ziwa ambalo maji yake ni ya magadi. Msafara wa Teleki na von Höhnel, wapelelezi kutoka Ulaya, ulifika hapo Machi 1888, ukiongozwa njiani na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani. Wapagazi waliokuwa wamechoka taabani walipoyaona maji walikimbia wakipiga kelele za furaha, wakajitupa ndani, kisha wakayaonja. Zaidi ya miaka 130 imepita na maji yale hayajawa matamu. Chujio lenu halitayasaidia, nitaeleza kwa nini. Loiyangalani penyewe pana chemchemi za maji matamu, lakini hizo ziko mwisho wa safari.

Kwa hiyo pandeni mlima kwa miguu, na ziwani mwende kwa gari. Kama moyo umeshikilia kutembea, subirini safari nyingine, mkiwa na ngamia na wenyeji wanaoijua njia hiyo kisima kwa kisima. Na msije mkadanganywa na ramani ya simu kwamba kuna njia ya mkato kupitia Bonde la Suguta. Kule ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi Kenya, Ziwa Logipi ni la chumvi, na usalama wake mnausikia kwenye habari. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa huko wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Si mahali pa kwenda na hema la rangi ya machungwa na darubini ya kutazamia ndege.

Sasa turudi mlimani, tufanye hesabu ya siku ya kwanza.

Kutoka kijijini hadi juu mnapanda zaidi ya mita 1,500. Longonot isiwadanganye. Ni kweli kilele chake cha mita 2,776 kinaizidi Nyiru kidogo, lakini lango la Longonot lenyewe liko zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo pale hupandi hata nusu ya mtakayopanda huku. Mtu mwenye mzigo kwenye joto hupanda kama mita 300 kwa saa. Hizo ni saa tano za kupanda tu. Ongeza mapumziko, kupotea kidogo na kumsubiri yule anayefunga viatu kila mara, weka saa saba. Mwili ukitoa kama robo tatu lita kwa saa ukiwa kwenye mwendo, mtu atakunywa lita nne kabla ya kufika kambini. Jioni chakula na chai, lita moja na nusu. Asubuhi uji na ya kuanzia njia, lita moja.

Kama chemchemi ya juu ni ya hakika, unaondoka chini na lita nne za njiani na lita moja na nusu ya akiba isiyoguswa. Kilo tano na nusu. Ukiweka na vitu vingine kilo tisa, una chini ya kilo 15, na mtu wa kilo 65 anaimudu.

Kama si ya hakika, hesabu inabadilika kabisa. Unahitaji nne za kupanda, mbili na nusu za usiku na asubuhi, na tatu za kushuka. Jumla tisa na nusu. Mzigo umekuwa mzito, mwendo umepungua, saa saba zimekuwa tisa, na maji yanayohitajika yameongezeka tena. Hapo ndipo unapoona kwamba habari moja ya kweli kuhusu chemchemi moja ina thamani ya kilo nne mgongoni mwa kila mmoja wenu.

Kutokana na hapo toeni sheria ya njiani, na mkubaliane mkiwa bado Nakuru, kabla ubishi haujaanza: hatupiti mahali ambapo maji yaliyobaki hayawezi kuturudisha kwenye maji tuliyoyaacha. Mkiwa mmetumia nusu na chemchemi hamjaiona wala hamjaisikia, mnageuka. Mwenye kusema "ni hapo mbele kidogo" anyamazishwe kwa upole.

Na hilo la "hapo mbele kidogo" lina elimu yake. Wenyeji ndio ramani yenu ya maji, hakuna programu ya simu itakayowazidi, lakini lazima mjue kuuliza. Ukimuuliza mzee "Kuna maji kule juu?" atakujibu "Yapo," na hajakudanganya; yapo, kwa mtu anayetembea kama yeye na ng'ombe wanaokunywa chochote. Uliza hivi: Mzee, mara ya mwisho kunywa pale ulikuwa lini? Wanakunywa watu au mifugo tu? Yanatiririka au yametuama? Mtu akichota mtungi mmoja anasubiri kwa muda gani? Ukitoka na mbuzi hapa asubuhi, jua liko wapi ukifika? Mkono wake ukielekea juu kabisa ya kichwa, kwake ni saa sita mchana, na kwenu wenye mabegi ongezeni saa mbili. Kisha muulizeni mtu mwingine maswali yaleyale, yule wa kwanza akiwa hayupo.

Habari ya zamani itupeni. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 kaskazini ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na picha ya chemchemi iliyopigwa 2019 haiwaambii chochote kuhusu Januari hii. Mtu aliyekunywa wiki iliyopita anazidi maandishi yoyote, pamoja na haya.

Jambo ambalo wapandaji wa mjini hawalihesabu ni kasi ya maji. Chemchemi inaweza kuwa hai na bado isiwatoshe. Ninyi ni sita. Mkihitaji lita tano kila mmoja ni lita 30. Kama maji yanadondoka kutoka ufa wa mwamba na kujaza chupa ya lita moja kwa dakika nne, mtakaa hapo saa mbili. Sasa, yanapodondoka hivyo hutapakaa kwenye mwamba, hayana mahali pa kukingia. Chukua jani bichi la upana wa vidole viwili, lipenyeze ufani kwa ncha, libonyeze kwa jiwe dogo upande wa juu, liinamie nje kama mdomo wa birika. Maji yatafuata jani na kudondokea sehemu moja. Weka kikombe chini, sufuria chini ya kikombe ishike yanayomwagika. Mpe mmoja wenu kazi hiyo tu mnapofika, wengine wasimamishe hema. Akianza saa tisa alasiri, ifikapo giza mna maji ya kesho.

Na muombe ruhusa. Visima na hata mabwawa madogo huko yana wenyewe, na yana zamu. Mifugo ina saa yake ya kunywa. Mkifika wakati huo, kaeni pembeni kivulini, salimianeni, zamu yenu itakuja. Msioge wala kuosha sufuria pale pale; chota, nenda mbali. Haja kubwa iwe hatua mia moja kutoka kwenye maji, na shimo lichimbwe.

Kuhusu chujio. Haya machujio ya mirija myembamba hushika bakteria na vijidudu kama amiba na giardia. Mengi hayashiki virusi, na hakuna linaloondoa kitu kilichoyeyuka: chumvi, magadi, floridi. Watu wa Nakuru hili hatuhitaji kufundishwa, tunayajua maji ya visima vya Bonde la Ufa na meno yanayobadilika rangi. Kuchemsha hakusaidii, kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Kwa siku tatu floridi haitakudhuru. Magadi mengi yatakuendesha tumbo, na kuharisha jangwani ni kumwaga maji uliyoyabeba kwa jasho.

Chujio ni zuri basi, lakini moja kwa watu sita ni kamari. Likianguka au likiziba kwa tope, safari imekwisha. Bebeni na dawa ya klorini, ya vidonge au WaterGuard, ambayo haina uzito. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope, kwa hiyo yachujwe kwanza kwa leso iliyokunjwa mara nne, au yaachwe yatulie usiku, kisha ndipo mtie dawa na kusubiri nusu saa. Njia ya tatu ni moto. Chini ya mita 2,000 maji yakitokota kwa dakika moja yametosha. Juu zaidi, dakika tatu, kwa kuwa huko hutokota kabla ya kufika nyuzi 100.

Hiyo ndiyo sababu pia maharagwe yabaki Nakuru. Mlimani hayaivi, yanakula gesi na yanakunywa maji yenu. Pangeni chakula kwa kuangalia kinakunywa kiasi gani. Ugali unahitaji maji, kisha sufuria inahitaji kulowekwa. Mchele ukioshwa mara tatu kama nyumbani umeshamaliza maji ya mtu mmoja ya kutwa. Bebeni chapati zilizopikwa siku moja kabla, nyirinyiri (nyama iliyokaushwa na kukaangwa), omena iliyokaangwa ikakauka, njugu za chumvi, tende, sukari. Jioni chakula kimoja cha moto chenye mchuzi, maana maji ya mchuzi mnayanywa, hayapotei. Sahani zifutwe kwa mchanga mkavu. Siku ya kwanza bebeni machungwa na matango, yaliwe kabla ya saa sita.

Njugu za chumvi sikuzitaja kwa utamu. Anayetoka jasho kutwa akanywa maji matupu tu, tena mengi, chumvi ya damu yake inashuka, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Zinafanana sana na za mtu aliyeishiwa maji, na wenzake humwongezea maji wakidhani wanamsaidia. Muulizeni amekojoa mara ngapi na amekula nini. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ziwe nne au tano. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Mwenzenu akianza kuzungumza ovyo na ngozi imekuwa moto, msisubiri: kivulini, nguo zilegezwe, mmwagieni maji mwilini na mpepeeni. Hiyo ndiyo kazi ya akiba ile isiyoguswa.

Vyombo. Chupa za soda za lita moja na nusu au mbili ni nyepesi, imara na bei yake mnaijua. Kila mtu awe na tatu au nne; mwiba wa mgunga ukitoboa moja, nyingine zipo. Mifuko ya mgongoni yenye mrija ni raha, ila huoni kilichobaki mpaka unyonye hewa. Mitungi ya lita tano ya kambini ijaribuni nyumbani: jaza, kaza kifuniko, ilaze juu ya gazeti usiku kucha. Ukikuta doa asubuhi, kipande cha nailoni ya mfuko mgumu chini ya kifuniko huziba. Mtungi uliowahi kuwa na mafuta ya taa usichukue, hata ukiuosha mwezi mzima.

Kabla ya Januari, nendeni Longonot tena na mzigo kamili wa safari. Kila mtu ajipime uzito nyumbani kabla ya kutoka na akirudi, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na aandike alichokunywa. Ukipungua kilo 1.2 na ulikunywa lita mbili, umetoa kama lita 3.2. Gawanya kwa saa ulizotembea. Mtashangaa jinsi mlivyo tofauti. Kuna mmoja wenu atatoa jasho karibu mara mbili ya mwingine, na kumpa lita sawa na wote ni kumwonea. Hesabu yangu ya robo tatu lita ifuteni, muweke zenu.

Mwendo wa kutwa uwe wa alfajiri. Saa kumi na mbili mko njiani, saa nne na nusu mnatafuta kivuli, saa tisa na nusu mnaendelea. Mnaotoka kazini mna mazoea ya kuanza baada ya chai ya saa tatu. Mazoea hayo yaacheni.

Sasa siku zenu tano. Kwa magari ya abiria hazitoshi. Nakuru hadi Maralal kupitia Nyahururu na Rumuruti ni siku ya kwanza, na mtalala Maralal. Kutoka hapo kwenda Baragoi na South Horr barabara ni mbovu na usafiri ni lori au Land Cruiser inayoondoka ikijaa. Hiyo ni siku ya pili, Mungu akipenda. Kurudi vilevile. Bila gari la kukodi, ombeni likizo ya siku nane, na ya nane isiwe na mpango wowote. Pesa taslimu mtoe Maralal. South Horr mwonaneni na chifu na kituo cha polisi kabla ya kuulizia njia, mpate mwongozaji anayekaa hapo hapo, na mtu mmoja Nakuru awe na saa kamili ya kuanza kuwatafuta; mtandao ukikatika mlimani asianze kulia saa mbili baadaye.

Punda nimemwacha mwisho. Punda mmoja hubeba mitungi miwili ya lita 20 bila shida, na hilo linavutia. Lakini akifanya kazi kwenye joto naye anakunywa lita 15 au zaidi kwa siku, kwa hiyo penye ukame wa kweli anabeba sehemu kubwa ya maji yake mwenyewe. Ngamia hapo ndipo anapomshinda. Kwa Nyiru, mkodini punda mmoja au wawili pamoja na mwenyewe, wabebe mahema na mitungi hadi njia inapoanza kuwa ya mawe makubwa, siku ya kwanza tu, kisha washushwe jioni ileile. Bei mkubaliane na mwenye punda mbele ya mwongozaji, pamoja na chakula chake, kabla kamba ya kwanza haijafungwa.